Skani Haikati

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha insha za Gredi ya Sita. Mvua bado. Nimempigia Kibet, ndugu yangu mdogo, huko Ainabkoi. Ng'ombe mmoja ana homa. Nikamkumbusha maneno ya daktari aliyemtibu Mama: watoto wote wapimwe utumbo mpana, maana saratani ya utumbo kama yake hutembea kwa familia. Akaniita kwa jina la mwanangu: "Mama Faith, mwanaume haingizwi vitu huko nyuma." Akakata simu.

Alhamisi, 6 Machi
Kesho ni skani yangu ya utumbo. Nimeichagua kwa woga. Sitaki ile kamera ndefu ya kuingizwa nyuma. Hii inapiga picha kutoka nje, bila dawa ya usingizi. Nilidhani pia ningeepuka dawa ya kuharisha. Wapi. Utumbo lazima uwe safi, la sivyo kinyesi kinafanana na uvimbe. Chai ya rangi na maji ya supu siku nzima. Hata mursik, maziwa yetu ya mgando, hapana. Nimeshinda chooni. Nina hasira na kila mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Imekwisha. Bomba dogo nyuma, wakapuliza hewa. Tumbo likavimba kama la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Lala chali, shika pumzi. Lala kifudifudi, shika tena. Aibu kuliko maumivu. Nilirudi nyumbani Kimumu peke yangu, macho makavu. Nilijiona jasiri.

Jumatano, 12 Machi
Kuna kitu. Upande wa kushoto.
Daktari alinionyesha kwenye kompyuta. Nikauliza kama mashine inaweza kukitoa.
"Skani inaona tu, Mwalimu. Haikati. Lazima twende na kamera, tuchukue kipande."
Kuharisha upya. Labda niliambiwa haya mapema, sikusikia. Nimelia kwenye ngazi za hospitali, watu wakipita.

Jumanne, 18 Machi
Kamera. Walinidunga dawa nikalala, sikusikia chochote. Nilichokikimbia ndicho kilichokuwa rahisi. Lakini uvimbe ni mkubwa, haukutoka. Wamechukua kipande kwenda maabara.

Jumanne, 25 Machi
Saratani.
Daktari alisema na mengine. Haionekani kusambaa. Upasuaji wiki ijayo. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilimpigia Kibet, nikamwambia. Akakata simu tena. Nilimchukia.

Jumapili, 6 Aprili
Wadi. Wamekata kipande cha utumbo, wakaunga. Mshono unauma nikikohoa.
Kibet alikuja baada ya kanisa. Alikaa kwenye stuli, akitazama sakafu. Nilidhani amekuja kuomba msamaha.
"Mimi naona damu nikienda choo," akasema. "Tangu Krismasi."
Nilitaka kumpiga. Sina nguvu ya kuinua mkono. Tangu Krismasi, na tulikula naye meza moja.
"Basi nipelekwe kwa hiyo skani yako."
Nikamwambia nilivyoelezwa: skani ile ni ya kumchunguza asiye na dalili. Anayetoa damu kwa kawaida huenda kwa kamera moja kwa moja.
"Inauma?"
"Watakudunga ulale. Kuharisha ndiko kubaya."
Sista wa wadi alikuwa akibadilisha bandeji ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Akasema, bila kugeuka, kwamba daktari yuko kesho asubuhi.
Kibet hakurudi Ainabkoi. Alimpigia jirani yake wa huko amkamulie ng'ombe. Nimempa ufunguo wa nyumba. Atalala kwangu leo, Kimumu.