Shuka la Satini na Usingizi wa Baba Neema

Jumatano, asubuhi. Baridi ya hapa kwetu Kizwite leo inamfanya mtu amwonee wivu paka aliyelala jikoni. Lakini nina furaha, shajara yangu, ile ya kutaka kumsimulia kila anayepita.

Kwa wasiojua, nina ugonjwa wa Parkinson, mwaka wa tatu sasa. Watu huuona mkono unaotetemeka, wakanipa pole. Ya usiku hawayaoni. Dawa ya jioni ikiisha nguvu, mwili unakakamaa, na kwa baridi ya huku nalala chini ya mablanketi matatu na gauni zito la kulalia. Vyote vinang'ang'aniana. Kujigeuza kunanishinda.

Basi huwa namwamsha mume wangu, Baba Neema, anigeuze. Mara nne, mara tano kwa usiku.

Naye ni dereva wa Hiace ya abiria wa kwenda Chala. Wiki iliyopita alisinzia kwenye usukani, gari likaingia kwenye majani ya pembeni ndipo akashtuka. Hakuumia mtu. Alinisimulia huku anacheka. Mimi nilikwenda kulia chooni, kwa hofu na kwa aibu, maana usingizi wake nilikuwa naumaliza mimi.

Lakini mimi ni fundi cherehani bwana! Nikajiuliza: kitambaa gani hakishiki? Kibandani kwangu Majengo ilibaki satini ya zambarau ya magauni ya wapambe wa harusi. Jumatatu nikashona shuka zima. Usiku nikajigeuza vizuri, nikaendelea kugeuka, nikatua sakafuni. Baba Neema akakurupuka: "We Mama Neema, ndiyo unahama?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Haraka haraka haina baraka. Jana nikalifumua. Satini nikaiacha katikati tu, mabegani mpaka kiunoni, na upande wa miguu nikaunga kitambaa cha pamba ili visigino vipate pa kukanyagia. Mkono ulitetemeka, mshono umepinda kama njia ya ng'ombe. Nani atauona?

Usiku wa kuamkia leo nimejigeuza mara nne.

Mwenyewe.

Sikumwita hata mara moja. Nilikuwa namsikiliza anavyokoroma, nikajisikia mke wa mtu tena, siyo mgonjwa wake.

Sasa ni saa moja na nusu na bado amelala. Simu yake imelia mara mbili, abiria wanamtafuta. Nimeizima. Magari ya Chala yako mengi, mume ninaye mmoja.