Tawi la Kilio ku Bisi ya Floribert

Yaya Odette, dada yangu mukubwa,

Floribert, ule shofere mwenye bisi yake ilikuua, iko muzima na iko ananenepa. Juzi alipita pa soko akanisalimia, eti, "Mama, tuendelee kumushukuru Mungu." Tumushukuru juu ya nini? Anaambia bantu breki zilikataa. Uongo! Ni pneu, mipira ya magurudumu. Zilikuwa laini sawa kichwa cha mutoto muchanga, mvua ikanyesha kidogo tu, bisi ikateleza mpaka ku meza yako ya mboga ya lengalenga pa soko.

Na weye njo uliziona wa kwanza. Ulikalia kale kakiti kako kafupi, macho sawasawa na magurudumu, ukajua pneu za bashofere bote ba commune yetu ya Kenya mbele ya kujua sura zao. Ulibaambia kwa upole, bakakucheka: "Mama, chunga lengalenga yako." Ukachora misalaba ya chaki ku pneu zenye zilikwisha, bakafuta na kiatu. Halafu bakaleta ule ujinga wao wa kuchonga. Pneu imekwisha, banaichonga mistari na kisu cha moto, polisi akiangalia aone meno. Inabakia nyembamba sawa karatasi, na muntu muzima anapigapiga kifua: iko mupya! Ee Mungu wangu, bantu gani bale.

Njo ukaleta matawi. Nikikumbuka, nacheka na machozi. Yale matawi ya mungazi, muti wa mawese, yenye tunafunga ku mulango wa nyumba ya kilio, bapita njia bajue kuko muntu alikufa, weye ulianza kuyafunga ku bisi. Shofere anaenda kukula mikate, anarudia, anakuta motoka yake iko na kilio. Abiria bote chini! Nani atapanda mu kilio? Balikutukana sana, lakini balibadilisha pneu.

Floribert, hapana. Ule aliita pasta, bakapakaa pneu mafuta ya maombi. Mafuta, yaya! "Sasa itateleza muzuri," ulisema, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Ile mvua ikakuja nyuma ya pale.

Siku ya kukuzika alileta bisi ileile kubeba bantu mpaka makaburi, na bajomba bakapanda, juu safari ilikuwa bure. Alipita kati ya matawi ya ku mulango wetu bila haya, akakula bukari na mboga, akaongeza, akapangusa mikono, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu njo anachonga pneu?

Sikia sasa yenye inaniuma kabisa. Mujomba Ngoie alikaa naye, bakapatana. Eti kwa kuomba musamaha, Floribert atapeleka Mireille wako ku masomo kila asubui. Mutoto wako, yaya, mu bisi ile. Nilikataa. Mujomba akasema banamuke habajue mambo ya pneu. Nikamuambia Odette alijua. Akakohoa, akaomba maji ya kunywa.

Leo asubui bisi ikasimama mbele ya parcelle, kiwanja chetu. Batoto ba majirani balikuwa tayari ndani, Mireille naye akapanda na kartable yake ya madaftari. Nikainama kuangalia. Mistari mipya, yaya! Ilikuwa ingali inanuka mupira wa kuungua. Ule muntu alikuua, na alirudia kuchonga.

Nikaenda ku mulango, nikatoa tawi la kilio chako. Lilikuwa limekauka, hakuna mwenye alikuwa na roho ya kulitupa. Nikalifunga ku gurudumu la mbele. Floribert akapiga kelele, eti namuletea mikosi, mwanamuke muchawi. Miye nikakaza fundo. Mireille akatazama tawi. Analijua, ni yeye alilibeba siku tulilifunga ku mulango. Akashuka bila kuitwa, halafu akanyoosha mikono, akashusha bale badogo mumoja mumoja. Bamama bakatoka na bitenge byao, bakaona, bakashika batoto bao mikono. Hata Mujomba Ngoie alibakia ku mulango na mswaki mu kinywa. Floribert akaondoka na biti bya abiria bitupu, tawi likipigapiga mu lami.

Tulitembea na miguu. Mireille alichelewa, mwalimu akamukaripia, na miye nilifurahi sana kusikia anakaripiwa.

Pumzika, yaya wangu. Kakiti kako nakakalia miye sasa, na matawi mabichi iko mu beseni lako la lengalenga. Floribert atapita tena kesho. Nitakuwa pale.

Mudogo wako,
Béatrice