Chapati za ulezi za Erica

Mama Erica, nimeenda Iyula kuchuma kahawa, narudi jioni. Bakuli la kijani pale kwenye kona lisimwagwe. ~~Likinuka sana mwaga.~~ Hapana, usimwage, huko kunuka ndiyo chachu yenyewe, kama togwa. Ongeza kijiko cha unga wa ulezi na maji kidogo, funika.

Kikaango cheusi kisiguse ngano tena. Tangu daktari amkataze ngano, mtoto kila Jumapili anakaa na kiazi chake wenzake wanakula chapati. Mimi hiyo iliniuma. Hata ulezi nimesaga kwa jiwe la marehemu bibi yake, maana mashineni wanasaga na ngano humo humo.

Jana mchana ulinicheka, eti "Baba, ulezi haukandiki." Kweli, tatu zilikatika kama udongo. Basi jioni nikamwagia unga maji ya moto, nikasonga kidogo kama ugali, ulipopoa nikatia chachu, ukalala. Leo asubuhi nikabana madonge kwa sahani katikati ya nailoni, nikachoma. Haikukatika hata moja, mama.

Erica kala tatu. Kaka yake Ezron, mkononi ana mkate, akaomba kipande. Erica kamwambia, "Nawa kwanza, una makombo ya ngano." Nimecheka mpaka kikohozi.

Jiko nimeacha chafu, mnisamehe. Zile nne kwenye kitambaa ni za Erica. Ukitaka kuonja mwombe mwenyewe, na unawe.

Babu, mpishi