Mizani Kabla ya Jani la Kwanza

Kwako Moraa,

Hapa Magwagwa hatujambo. Nyanya yako anasema ule vizuri huko.

Unauliza kwa nini mstari wa y = 4x + 2 hauanzii sifuri, nawe unaogopa kumuuliza mwalimu. Mimi pia niliogopa, nikaanzisha mistari yote sifuri, nikafeli mtihani.

Likizo iliyofuata nilitundika kikapu kitupu kwenye mizani ya majani chai. Ikaonyesha kilo mbili.

"Kerubo, umechuma hewa?" nyanya yako akacheka.

Nikachuma kilo nne kila saa. Baada ya saa tatu, mizani ikaonyesha kumi na nne. Ile mbili ni kikapu: hapo ndipo mstari unapokata mhimili wa y.

Lakini mhimili wa x unakatwa kwenye nusu hasi. Nusu saa kabla sijaanza? Sijui maana yake. Muulize mwalimu, maana mimi sikuthubutu.

Shangazi yako,
Kerubo