Mlango Niliolalia

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu Idi,

Shikamoo yako imefika. Sie hapa Tabata wazima, na shangazi yako kajifungua salama mtoto wa kike.

Unauliza kama utapona, maana daktari kakwambia diski ya mgongo imebana neva ya mguu. Mie yalinikuta miaka ya Ujamaa, nilipokuwa nikibeba magunia duka la ushirika. Maumivu yalishuka toka kiunoni hadi kisiginoni, yakiwaka kama pilipili. Nikaambiwa nilale pagumu. Kitanda chetu cha kamba kilibonyea, basi babu yako akang'oa mlango wa chumba, akanitandikia mkeka juu yake. Nililala mpaka miguu ikalegea. Muuguzi alipokuja akafoka: "Mama, inuka utembee kidogo kidogo!" Nikatembea nimeshika ukuta, meno nimeyauma.

Wewe ukifa ganzi mapajani au mkojo ukikataa kutoka, usingoje, kimbilia hospitali. Vinginevyo, inuka.

Siku niliyofika bombani peke yangu, nilimwambia babu yako arudishe mlango.

"Umepona?"

"Bado. Ila mlango ni wa kupita, si wa kulalia."

Mkeo mzee,
Bibi