Saa Niliyowapangia Mashoferi

Rumonge, Kartie Swahili
Ijumaa, 14/11/2025

Mpendwa mpwa wangu Anwari,

Amahoro, mutoto wa dada yangu. Huko Lubumbashi mumeamkaje? Kifua kimepona? Sisi tuko wazima, ila mimi chakula hakishuki tangu juzi, mimi niliyemaliza samaki sangala mzima mbele ya mashahidi!

Habari kubwa: chama cha wenye mabasi kimenipa mimi kupanga orere, ratiba ya saa za mabasi ya Rumonge na Bujumbura. Nani mwingine? Zamani basi lilingoja lijae. Sasa linatoka kwa saa, hata likiwa na kuku mmoja, na linafika kwa saa.

Lakini Anwari, naogopa. Karibu na Kabezi ziwa limekula nusu ya barabara, linapita gari moja tu. Zamani mashoferi walisimama pale, wakasalimiana, mmoja akarudi nyuma. Jumatano tulijaribu orere, nami nilikuwa ndani ya basi. Mabasi mawili yakakutana palepale.

"Rudi wewe! Mimi nina saa ya kufika!"

"Na mimi nina yangu, kichwa ya ndagala wewe!"

Hakurudi mtu. Wakapita wakikwaruzana, na gurudumu la nyuma la basi letu likazunguka hewani, chini yake maji. Hii si ile hadithi yangu ya kiboko. Niliyaona maji.

Nikamwomba Karimu, kiongozi wa chama, tufute orere. Akacheka: "Mzee Radjabu, si unatuambiaga ulipanga mabasi yote ya Dar es Salaam? Kabezi itakushinda?" Jumatatu tunaanza.

Na mama yako Hadjara anakwenda Bujumbura Jumatatu kupimwa macho. Amechagua basi la kwanza, kwa kujivunia kaka yake. Nimemkataza. Kasema, "Ongeza chumvi, Kaka, bado haijanoga," akaendelea kupiga pasi kitenge cha safari.

Ningekupigia simu, ila kwa mdomo hata wewe ungecheka. Binti yangu Shadia atapiga picha karatasi hii akutumie. Mpigie mama yako kesho, umzuie asipande basi hilo la kwanza. Usinitaje. Sema umeota vibaya, sema chochote. Wewe hujawahi kumdanganya, atakuamini.

Mimi nitapanda basi hilo. Abiria wengine nao wana watoto wao. Nitakaa ubavuni kwa shoferi, nimwambie polepole mpaka anichoke.

Msalimie mkeo Sumaya na wadogo. Mke wangu Kaoutar anawasalimu. Mola awafunike nyote, na Jumatatu atufunike na sisi.

Wako akupendaye, leo bila utani,
Mjomba Radjabu