Mchumba Wangu Aliendelea Kupanda Kilimanjaro, Mimi Nikashushwa kwa Machela

Shangazi Lydiah, salamu kutoka mtaa wa Tena, hapa Nairobi. Nakuandikia nikiomba msaada kwa sababu nimejaribu kuligusia jambo hili nyumbani na kila mtu ananiambia safari imekwisha niyaache, na mimi ni mwalimu wa chekechea, si mtu wa kukuza mambo. Nina mchumba, Kim, msimamizi wa ghala moja Industrial Area, hanywi pombe, kanisani haachi, wazee wao wameshakuja kwetu na harusi ni Desemba.

Kim anapenda milima, na mwaka huu akasema tupande Kilimanjaro, lakini tusitokee Nairobi kama watu wengine, tuanzie Mombasa, akanyage bahari kwanza halafu aende hadi kileleni, ili aseme ametoka chini kabisa hadi juu kabisa. Mimi hata vilima vya Ngong sijawahi kupanda, ila nilikubali kwa sababu dadake, Shirleen, alikuwa anakuja na tunapatana sana. Tukashuka Mombasa kwa treni, asubuhi Kim akakunja suruali akaingia majini, Shirleen akampiga picha, kisha tukachukua gari hadi Voi, Taveta, tukavuka mpaka, tukafika lango la hifadhi pale Marangu nikiwa na kikohozi nilichoanza nacho Mombasa.

Kiongozi wetu wa mlima alikuwa Mtanzania mmoja mpole anayeitwa Elibariki. Tulipofika kwenye vibanda vya katikati ya mlima kichwa kilikuwa kinaniuma na chakula sikitaki, na Elibariki akamwambia Kim, "Bwana, kesho mngepumzika hapa mwili uzoee hewa. Huyu dada anakohoa vibaya." Ile siku ya kupumzika ilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, shangazi, ni Kim aliyeifuta. Akasema likizo yake inaisha, akanigeukia, "Manze Maurine, uko fiti, ni mawazo tu." Nikanyamaza.

Kesho yake tukiwa kwenye uwanda wa juu usio na mti hata mmoja, nikaanza kuyumba kama mlevi, nikatapika, nikatapika tena. Elibariki akanishika mkono akasema, "Dada, wewe unashuka sasa hivi." Kim akaangalia kilele, akaniangalia mimi, akasema, "Sasa nitakuwa nimekuja bure?" Nikamwambia, "Nenda tu." Akanigusa bega akasema tutaonana chini, akaenda. Shirleen ndiye alikuwa mzima kutushinda wote, lakini alisema anarudi na mimi, Kim akamwambia, "Huna shida yoyote, usiharibu safari," naye akanishika mkono tukaanza kushuka. Yeye na msaidizi wa Elibariki walinishikilia hadi pale miguu ilipokataa, nikapakiwa kwenye machela ya gurudumu, na daktari wa hospitali mjini Moshi akasema maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye mapafu, na kwamba kama ningepanda zaidi angekuwa anaongea mambo mengine.

Kim alipotufikia hospitalini neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimefika! Ngoja uone picha." Hata hilo nilimeza. Lakini tuliporudi alikuja kwetu, na babangu, Mzee Caleb, akamuuliza safari ilikuwaje, naye akajibu akitabasamu, "Maurine alichoka kidogo, nikamwacha apumzike kwenye kibanda." Baba akacheka, mama akacheka, akasema huyu mtoto amezoea kubebwa. Shirleen akainuka akaenda jikoni. Nilipomfuata akaniuliza, "Utanyamaza mpaka lini?"

Shangazi, mama ananiambia siwezi kuvunja harusi kwa sababu ya mlima. Je, ninakosea?

Maurine, Tena

MSHAURI ANAJIBU

Maurine, pole, na nimefurahi unapumua.

Nianze na ugomvi. Ulimwambia mwanamume "nenda tu" huku moyoni ukiomba abaki. Usifanye hivyo tena, si kwa Kim, si kwa mwingine. Ulikuwa mgonjwa, sawa, lakini kwenye kibanda ulikuwa na akili zako, ukaona siku yako ya kupumzika inafutwa, ukanyamaza. Sebuleni kwa baba yako ukanyamaza tena. Kunyamaza huko ndiko kunakokuumiza mpaka leo, na hakuna atakayekuondolea isipokuwa wewe.

Sasa Kim. Kwamba aliendelea kupanda, naweza kubishana nawe. Ulikuwa na msaidizi anayejua kazi yake, ulikuwa na Shirleen, na ulimruhusu. Wako wanaume wazuri ambao wangefanya kosa hilo wakalijutia. Lakini kufuta siku ya kupumzika baada ya kuonywa, huko ni kuchezea mwili wako kwa ajili ya picha yake. Na kule Tena, sebuleni kwenu, hewa haikuwa nyepesi kama ya mlimani. Alikuwa amekaa kwenye kochi, ameshiba, ana muda wa kufikiri, akachagua kusema uongo mbele yako akijua hutasema kitu. Mama yako anadhani unataka kuvunja harusi kwa sababu ya mlima kwa sababu hajaambiwa kilichotokea mlimani.

Fanya hivi. Wiki hii rudi hospitali upimwe mapafu, maana kikohozi hukutaja kama kimeisha. Kisha kutana na Kim mchana, uso kwa uso, si kwa simu. Mwambie aende kwa baba yako akamweleze yote: siku aliyoifuta, maneno ya Elibariki, machela, maneno ya daktari. Usimwandikie la kusema na usimsindikize. Mpe hadi Jumapili, na harusi isimame kwanza.

Akienda, keti naye muanze upya polepole, Desemba si lazima. Akikwambia unamwaibisha, au akikuambia atakwenda halafu usikie kimya, usimkumbushe. Jumapili jioni waeleze wazazi wako mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, bila kulia, kisha wazee wajulishwe kwamba hakuna harusi.

Na vyovyote itakavyokuwa, mpigie Shirleen leo. Alikuwa karibu na kilele kuliko wengi watakavyowahi kufika, akageuka kwa ajili yako, na katika barua yako yote sijaona mahali ulipomwambia asante.